Dula aliyeachwa getini: uchambuzi wa kisa kimoja cha uzazi, kusini-magharibi mwa Uganda

Kisa hiki ni cha kufundishia. Nimekijenga kwa mambo yanayojirudia katika wodi zinazopokea akina mama kutoka makazi ya wakimbizi, kwa hiyo asitafutwe mtu fulani wala hospitali fulani ndani yake. Aliyewahi kufanya kazi Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II au Kyangwali atayatambua mambo yenyewe bila kutajiwa jina. Huko Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, kanisani na kwenye foleni ya chakula, hata kama mkunga wa zamu amekulia Kinyankore na Kiingereza.

Mhusika ni mama wa miaka 22, Mfuliiru kutoka upande wa Uvira, Kivu Kusini, Kongo. Mimba ni ya pili. Ya kwanza ilimalizwa kwa upasuaji huko kwao na mtoto hakuishi. Tangu upasuaji ule hadi uchungu wa safari hii ilikuwa imepita miezi 16, na hiyo ndiyo namba ya kushika katika kisa hiki. Kovu lake limesimama, kutoka chini ya kitovu kwenda chini. Anaishi na mume na mama mkwe.

Kliniki alihudhuria vizuri, katika kituo cha ngazi ya tatu kilichomo ndani ya makazi. Kwa wasioujua mpangilio wa Uganda: ngazi ya tatu huzalisha, lakini haina chumba cha upasuaji. Hicho kiko ngazi ya nne na hospitalini. Afisa wa kliniki alifanya kazi yake. Kwenye kadi aliandika kwamba mama ana kovu, mimba zimekaribiana, asizalie kituoni, na apasuliwe kwa mpango kabla uchungu haujaanza. Tarehe ikapangwa. Uchungu ukaitangulia kwa siku nane.

Mtu wa pili katika kisa ni dula wake, yaani msindikizaji wake wakati wa uchungu. Ni mama wa makamo, Mkongomani vilevile, mwenye watoto watano, aliyekuwa mhudumu wa afya wa kijiji kabla ya kufundishwa kusindikiza wazazi. Hazalishi, hapimi njia ya uzazi, hatoi dawa ya aina yoyote. Kazi yake ni kumjua mama tangu mwezi wa saba, kwenda naye, kukaa naye mwanzo hadi mwisho wa uchungu, kisha kumtembelea akiwa na kichanga. Alifundishwa pia dalili chache za hatari, na moja ni hii: mwenye kovu akiumwa hata pale uchungu unapopumzika, sema mara moja.

Usiku wenyewe

Uchungu ulianza saa mbili usiku. Dula aliitwa, wakaenda kituoni kwa miguu. Nesi wa zamu alikuwa peke yake na mzazi mwingine alikuwa anakaribia, hivyo hakuweza kupanda ambulensi. Aliandika barua ya rufaa, akaifunga pamoja na kadi, akampa dula. Ndani ya gari waliingia watatu: mzazi, mama mkwe na dula. Wakafika hospitali ya rufaa saa saba kasoro.

Getini palikuwa na kanuni ambayo kila aliyewahi kuuguza mtu anaijua: mgonjwa mmoja, muuguzaji mmoja. Mama mkwe alishika beseni, thamosi, blanketi na mama kit, ule mfuko wenye kavera (plastiki) ya kutandika, glavu, pamba, wembe na uzi wa kitovu. Alionekana wazi kuwa ni mwenye mgonjwa. Dula alishika mkoba.

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye namsindikiza, afande."

"Ni ndugu yake?"

"Hapana, afande, lakini karatasi zake..."

"Basi mmoja ameshaingia. Ngoja hapo."

Akangoja. Alijaribu simu ya mama mkwe, haikupatikana. Alimwomba askari apeleke karatasi, naye akasema hawezi kuacha geti. Aliruhusiwa kuingia baada ya saa tisa, askari walipobadilishana zamu na wa pili hakuuliza kitu. Kadi na barua vilikaa nje ya geti saa mbili na zaidi.

Ndani ya leba kulikuwa na mkunga mmoja, mwanafunzi mmoja na wazazi sita. Daktari wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine. Mkunga aliliona kovu, akauliza, na mama mkwe, ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia mihogo, akajibu kwa kuonyesha kidole kimoja. Mkunga akaandika: mimba ya pili, kovu moja, njia imefunguka sentimita 5, daktari aarifiwe atakapotoka. Sioni uzembe hapo. Mama mwenye kovu moja mara nyingi huruhusiwa kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, mradi aangaliwe kwa karibu na chumba cha upasuaji kiwe jirani. Kilichokosekana ni ile miezi 16, na ile sentensi ya afisa wa kliniki. Tena kovu la nje halikuambii mfuko wa uzazi ulikatwaje ndani, na hakuna aliyekuwa na taarifa ya upasuaji wa Kongo.

Dula alipoingia alinyoosha karatasi. Mkunga alikuwa akimzalisha mzazi mwingine, kichwa cha mtoto kinatoka. "Weka mezani." Akaweka. Dakika chache baadaye mkunga alimgeukia: "Wewe mama unayejua Kiingereza kidogo, kimbiza hii damu maabara." Akaenda. Maabara ilikuwa upande wa pili wa uwanja na mlango umefungwa, ikabidi agonge na kusubiri. Alirudi saa kumi.

Akakaa pembeni ya kitanda, mkono kiunoni mwa mzazi, kama alivyofundishwa. Uchungu ukaja, ukapanda, ukashuka. Hapo ndipo mwili wa mzazi wa kawaida hulegea. Mabega hushuka, pumzi hurudi, wengine husinzia dakika moja kabla ya wimbi lingine. Huyu hakulegea. Vidole viwili vilibaki vimebana sehemu ya chini ya kovu, na kila dula alipotaka kupapasa hapo, mkono ulisukumwa. Mawimbi mawili, matatu, hali ni hiyo hiyo. Mzazi akasema kwa sauti ndogo, "Kovu inaniwaka, mama. Haiachi."

Dula alikwenda kwa mkunga. "Musawo, huyu mama anaumwa hata uchungu ukipumzika."

"Kila aliyelala hapa anaumwa, mama. Kaa naye."

Alirudi, akakaa. Ikapita kama nusu saa. Mara hii akachukua kadi mezani, akaifungua kwenye ukurasa wa afisa wa kliniki na kumpelekea mwanafunzi, si mkunga. Mwanafunzi alisoma, akachukua pembe ya kusikilizia moyo wa mtoto, akaiweka tumboni, akahesabu, akahesabu tena. Mapigo yalikuwa yamepungua. Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi, na ni haki kuwasifu: mkunga aliacha vyote, daktari aliitwa akiwa anavua glavu, na saa kumi na moja na nusu mama alikuwa juu ya meza. Kovu lilikuwa limeanza kuachia upande mmoja. Mtoto alitoka amechoka, akapuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa, akalia baadaye kidogo. Alikaa siku tano katika chumba cha watoto wachanga. Mama aliongezewa chupa mbili za damu, mfuko wa uzazi ukashonwa ukabaki. Wote wawili walirudi nyumbani.

Tusikimbilie kusema dula ameokoa maisha

Habari kama hii ikifika kwenye mkutano wa wafadhili hupigwa picha na kuwa hadithi ya ushujaa. Sikatai kwamba bila yeye mambo yangeharibika zaidi. Lakini mtu aliyekuwa na taarifa sahihi saa saba usiku hakusikilizwa mpaka karibu saa kumi na moja, na katika saa hizo nne hospitali ilimtumia kwa kila kitu isipokuwa kile alichojia. Alikuwa mgeni asiyetakiwa getini. Alipoingia akafanywa tarishi wa maabara. Alipoona hatari akaambiwa akae. Mara zote tatu hakuna aliyekuwa mbaya. Askari alifuata kanuni aliyopewa. Mkunga mwenye wazazi sita alimtuma mtu pekee aliyekuwa na miguu isiyo na kazi. Na jibu la "kila mtu anaumwa" lilikuwa kweli tupu kwa wazazi watano kati ya sita.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tiba ya kisa hiki ni semina ya lugha nzuri kwa wakunga. Semina ziwepo. Ila dula katika hospitali ile hakuwa na nafasi yoyote iliyoandikwa, na asiye na nafasi iliyoandikwa hupangiwa kazi na yeyote atakayekutana naye.

Mkunga hangeweza kuona alichokiona dula, hata angekuwa hodari namna gani. Ile dalili haikuwa kwenye kipimo chochote. Ilikuwa kwenye mapumziko kati ya wimbi na wimbi, na ili uyaone mapumziko lazima ukae mawimbi matatu mfululizo bila kuondoka. Anayepita kitanda hadi kitanda humkuta mzazi ama analia ama amenyamaza, na vyote viwili ni vya kawaida leba. Kwa hiyo safari ya maabara iligharimu zaidi ya dakika zake. Ilimtoa kitandani mtu pekee ambaye kazi yake yote ni kutoondoka.

Utafiti unasema nini, na hausemi nini

Kwamba mzazi asiyeachwa peke yake huzaa vizuri zaidi si jambo jipya. Jaribio lililochapishwa 1980 kutoka hospitali moja ya Guatemala liliwapa baadhi ya wazazi mwanamke wa kukaa nao, mtu baki wasiyemjua kabla. Kwa waliojifungua bila matatizo, uchungu ulichukua wastani wa saa 8.7, na kwa walioachwa peke yao saa 19.3. Kundi lenyewe lilikuwa dogo, kwa hiyo namba hizo nazichukua kwa tahadhari. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, ni mapana zaidi: majaribio 26, nchi 17, wanawake zaidi ya 15,000. Waliokuwa na msindikizaji muda wote walipasuliwa kwa uchache wa kama robo, uchungu ukafupika kwa dakika 40 hivi, na wachache zaidi wakaondoka na kumbukumbu mbaya ya kuzaa. Waandishi wenyewe walisema ubora wa ushahidi huo uko chini, na asemaye kinyume anauza kitu.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa miongozo yake ya huduma wakati wa uchungu mwaka 2018 lilipendekeza kila mzazi awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe. Zingatia hilo neno la mwisho, kwa sababu kisa chetu kinaligusa. Hakuna aliyemuuliza mzazi getini anamtaka nani. Askari ndiye aliyemchagulia, kwa kuangalia nani amebeba beseni.

Ziko tafiti mbili ambazo huwa naziweka mezani kila hospitali inapotaka kuanzisha mpango huu, kwa sababu zinazuia makosa mawili yanayovutia sana.

Ya kwanza ni ya 2002, hospitali 13 za Marekani na Kanada, wanawake 6,915. Huko manesi wa hospitali wenyewe walifundishwa kumtegemeza mzazi muda wote. Idadi ya upasuaji haikupungua. Na mapitio ya Cochrane yanaelekea huko huko: kwenye upasuaji, nafuu huonekana kwa msindikizaji asiye mwajiriwa wa hospitali. Katika kikao cha kujadili kisa chetu mtu mmoja wa utawala alitoa wazo lililopokelewa kwa vichwa vya kukubali, kwamba madula waajiriwe na hospitali, wapewe sare na kuingizwa kwenye orodha ya zamu. Linaonekana kama heshima. Kwa maoni yangu lingeua kazi yenyewe ndani ya mwezi mmoja, kwa sababu aliye kwenye orodha ya zamu ni wa wodi, na aliye wa wodi hutumwa maabara.

Ya pili ni ya Stockholm, 2022. Wanawake wahamiaji wanaozungumza Kisomali, Kiarabu, Kipolandi, Kirusi na Kitigrinya waligawiwa kwa kura, wengine wakapewa dula wa lugha yao. Walipoulizwa baadaye, makundi yote mawili yaliisifu huduma sawasawa, na hali yao ya moyo haikutofautiana. Uswidi si Isingiro, wilaya yenye Nakivale, na mzazi wa huko ana mkunga karibu naye kuliko wetu atakavyowahi kuwa naye. Hata hivyo matokeo yale yanatukumbusha kwamba kumleta mtu anayejua Kiswahili na kumkalisha pembeni ya kitanda, basi, hakutoshi.

Na Kiswahili kwetu kina historia yake, niseme hili kwa kupita. Kwa Waganda wengi wa umri fulani ni lugha ya kambi ya jeshi na kizuizi cha barabarani, tangu 2022 serikali iwe imeridhia kiwe lugha rasmi au isiwe. Nimewasikia wakunga wapole kabisa wakigeuka makali wanapohamia Kiswahili, kwa sababu Kiswahili wanachokijua ni cha amri: lala, sukuma, nyamaza. Mama wa Kivu anayesikia hivyo haelewi kwamba mkunga ameishiwa maneno. Dula anaweza kulainisha hapo. Asigeuzwe tu mkalimani wa wodi nzima, akaitwa vitanda vyote sita na kumwacha wake.

Walichokubaliana

Kikao kilifanyika wiki iliyofuata. Uganda ina utaratibu wa kupitia vifo vya uzazi na vya watoto wachanga, lakini visa vya kunusurika kama hiki mara nyingi hupita bila kikao kwa kuwa hakuna aliyekufa. Inchaji wa wodi alisisitiza kiitishwe, na akafanya jambo ambalo sijaliona sana: alimwalika dula, akampa kiti mezani, akamtaka azungumze wa kwanza, kwa Kiswahili, mwanafunzi akitafsiri.

Kilichotoka ni ukurasa mmoja. Getini, mwenye kitambulisho cha usindikizaji chenye muhuri wa hospitali hahesabiwi kama ndugu muuguzaji, kwa hiyo anaingia juu ya yule mmoja. Hilo lilichukua dakika tano kuamua, na ukifikiria saa mbili zilizopotea unaweza kulia. Ndani, dula hatumwi nje ya leba mzazi wake akiwa kwenye uchungu, na atakayemtuma aandike jina lake kwenye kitabu cha zamu. Kipengele hicho ni cha inchaji, aliyesema kwa kicheko kwamba watu huacha mambo mengi wakijua wataandikwa.

Kwenye karatasi ya uangalizi hapakuhitajika kubuni kitu. Fomu ya Shirika la Afya Duniani ya 2020 ya kufuatilia uchungu tayari ina mstari wa msindikizaji, na ukiandika kwamba hayupo jibu hilo linahesabiwa kuwa la tahadhari, kwenye safu moja na mapigo mabaya ya moyo wa mtoto. Wodi ile ilikuwa na fomu hizo. Mstari ule ulikuwa unaachwa mtupu.

Kilichobishaniwa zaidi ni namna ya kupaza sauti. Dula asemapo jambo, mkunga analazimika nini? Wakunga walihofia kugeuzwa wafanyakazi wa madula, wakikimbia kila mzazi anapoguna. Hofu hiyo ina msingi. Walipatana kwamba kwa dalili nne tu, dula akisema "hii ni ya hatari", mkunga au mwanafunzi asikilize moyo wa mtoto na kupima mapigo ya mama papo hapo, kisha aandike saa. Dalili zenyewe ni damu nyingi, kichwa kinachouma pamoja na macho kuona nyota au kiwi, degedege, na maumivu ya kovu yasiyoachia. Asiposikilizwa aende kwa inchaji, na usiku ampigie daktari wa zamu, ambaye namba yake imebandikwa ukutani. Daktari mmoja aliguna kuhusu hilo la mwisho. Likapita.

Wakunga nao walikuwa na lao, na hapa dula ndiye aliyekaa kimya. Wasindikizaji huingiza miti shamba. Kuna emumbwa, ule udongo wenye dawa ambao wajawazito wengi wa Uganda hutumia, na akina mama wa Kongo wana yao, na baadhi ya dawa hizo hukaza mfuko wa uzazi ili mtoto atoke upesi. Kwa mwenye kovu ni hatari kubwa. Mkunga aliyesimamia usiku ule alisema wazi: anapomwona mama asiye ndugu akiwa na mkoba kitandani, jambo la kwanza analowaza ni dawa. Dula alijibu kwamba yeye haleti, lakini anawajua wanaoleta, na mara nyingi anayeleta ni yule ndugu mwenye beseni. Watu walicheka, kisha wakaandika kwamba dula anayejua mzazi amepewa dawa ya kienyeji amwambie mkunga, na mkunga asimtukane mzazi kwa hilo. Nusu ya pili ndiyo inayoibeba ya kwanza. Bila hiyo hakuna atakayesema.

Pasipokaa sawa bado

Pesa. Wahudumu wa afya wa vijiji nchini Uganda kwa muda mrefu wamefanya kazi kwa kujitolea, na dula amerithi desturi hiyo pamoja na fulana. Kusindikiza uchungu ni usiku mzima, nauli ya bodaboda ya kurudi, na shamba lisilolimwa kesho yake. Marekani baadhi ya majimbo yamelitatua kwa kumlipa dula kupitia Medicaid, bima ya umma ya wenye kipato kidogo. Oregon na Minnesota yalitangulia, California ikafuata Januari 2023. Uganda haina bima ya afya ya taifa ya kuchomeka malipo hayo, kwa hiyo yanategemea mradi, na mradi una tarehe ya kuisha. Kikao kiliomba posho ya nauli kutoka kwa mshirika anayeendesha kituo cha ngazi ya tatu. Majibu yalikuwa ya "tutaliangalia". Wakati huohuo, mkono mtupu haulambwi: ameshaonekana dula mmoja akiomba "ya chai" kwa familia ya mzazi. Wodi ikataka kuwafukuza wote. Nadhani afadhali ingemlipa nauli yule mmoja na kumuuliza.

Faragha nayo. Leba ya vitanda sita bila mapazia ikiongezewa wasindikizaji sita ni soko. Vitambaa na waya vilinunuliwa kwa mchango wa wafanyakazi, jambo la kupongezwa na la aibu kwa pamoja, hasa ukikumbuka kwamba Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua Agosti 2020 kuwa kushindwa kwa serikali kutoa huduma za msingi za uzazi kunavunja Katiba. Hukumu ile huwa naitaja kwa mameneja wanaoona dula na pazia kuwa ni mapambo. Viwango vya vifo vinashuka, kweli. Utafiti wa kitaifa wa 2016 ulihesabu vifo vya uzazi 336 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukahesabu 189. Akina mama wengi zaidi sasa wanafika hospitalini. Swali limehamia kwenye kinachowapata wakishafika.

Kisha kuna mama mkwe, ambaye katika vikao vyote hakuna aliyemtaja kwa wema. Alibeba beseni kwa saa kadhaa, akajibu maswali kwa lugha asiyoijua, halafu akasikia ikisemwa kwamba mtu baki ndiye angestahili kuingia badala yake. Alikasirika, na dula alilazimika kwenda kwake mara kadhaa kabla ya kukaribishwa tena. Mzazi mwenyewe alipoulizwa angemchagua nani, alisema angewataka wote wawili: mmoja wa kumshika, mmoja wa kumwombea. Kanuni mpya ya geti inaruhusu hilo, ingawa walioiandika hawakuwa wakimfikiria mama mkwe.

Jambo moja ningelibadilisha kama ningekuwa na sauti pale, nalo halihusu dula. Taarifa ya hatari ilikuwa kwenye karatasi moja, ndani ya mkoba mmoja. Siku tarehe ya upasuaji ilipopangwa, kituo kilipaswa kuwa kimeshapiga simu hospitalini na jina la mama liandikwe kwenye daftari la leba: kovu, miezi 16, akifika na uchungu asingojeshwe. Inchaji amekubali daftari hilo lianzishwe. Mama mwenyewe ameondoka na barua ya Kiingereza na Kiswahili inayosema mtoto wa mimba yoyote ijayo azaliwe kwa upasuaji wa mpango, na nakala imebaki wodini. Wiki ya sita dula alimpeleka kwenye uzazi wa mpango. Akachagua kipandikizi cha mkononi, na mume alikubali baada ya kusomewa barua.